Kupinga kituo cha data kwa hesabu: mwongozo kamili wa kuandaa pingamizi la wakazi

Pingamizi nyingi za wakazi dhidi ya vituo vya data, yaani majengo makubwa yaliyojaa kompyuta (seva) za kuhifadhi na kuchakata data, hufa kifo kimoja. Ukumbi unafurika, watu wanazungumza kwa uchungu, mabango yanainuliwa, kisha wajumbe wanapitisha mradi na muhtasari wa kikao unaandika kwamba "wananchi walieleza wasiwasi wao". Wasiwasi haumfungi mtu mikono. Kinachomfunga ni hoja yenye namba, iliyofika kwenye ofisi yenye mamlaka juu ya jambo hilo, kabla muda wa maoni haujafungwa. Kosa la kawaida ni kupeleka hoja ya bili za umeme kwa kamati ya ardhi isiyo na kauli juu ya bili, halafu kushangaa mbona haikusikilizwa.

Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: namba gani itafutwe, ihesabiwe vipi, ipelekwe wapi, na mahali ambapo upande wa pili utajaribu kuibomoa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Maombi kamili ya mradi pamoja na viambatisho vyake vyote. Muhtasari wa kurasa kumi hauna kitu. Namba zimo kwenye viambatisho: michoro ya umeme, ripoti ya maji, orodha ya jenereta, ripoti ya kelele.
- Ramani yenye skeli, inayoonyesha nyumba, shule, hospitali, visima na mito ndani ya kilomita 2.
- Bili za umeme na za maji za miezi 12 kutoka kaya zisizopungua kumi za eneo lenyewe.
- Kipima sauti cha daraja la 2 na kalibreta yake, kifaa cha kuhakiki usahihi wake. Vinaweza kuazimwa au kukodiwa. Programu ya simu haifai, na sababu ipo kwenye hatua ya 5.
- Lahajedwali moja ambayo kila namba ina ukurasa wa waraka ilikotoka.
- Watu watano au sita waliogawana kazi: wa umeme, wa maji, wa kelele na hewa, wa sheria na tarehe, wa kuandika, wa kuzungumza. Mtu mmoja akibeba yote, atachoka kabla ya kikao cha pili.
- Mhandisi au mtaalamu mwenye leseni atakayepitia hesabu na kutia saini, hata kwa sehemu moja tu.

Kama nyaraka zimezuiwa kwa madai ya siri za biashara, andikeni ombi rasmi la taarifa siku hiyo hiyo. Ofisi nyingi za umma huingia mikataba ya usiri na wawekezaji wa vituo hivi, mara nyingine bila hata jina la kampuni itakayotumia jengo kutajwa. Mji wa The Dalles, jimboni Oregon, Marekani, ulikwenda mahakamani kuzuia gazeti lisipewe takwimu za maji ya Google. Ulisalimu amri mwaka 2022, na takwimu zikaonyesha kwamba vituo hivyo vilitumia zaidi ya robo ya maji yote ya mji mwaka 2021. Ombi la taarifa huchukua wiki au miezi, kwa hiyo likicheleweshwa halitakuwa na maana.

## Hatua ya 1: Chora ramani ya maamuzi

Kituo cha data hakipitishwi na ofisi moja. Kwa kawaida kuna milango sita, na kila mlango una bwana wake:

1. Kubadilisha matumizi ya ardhi na kibali cha ujenzi.
2. Tathmini ya athari kwa mazingira.
3. Mkataba wa maji au kibali cha kuchimba visima.
4. Kuunganishwa kwenye gridi ya umeme.
5. Kibali cha hewa kwa jenereta au mitambo ya gesi.
6. Misamaha ya kodi.

Kwa kila mlango andika mambo manne: nani anaamua, sheria inamwamuru aangalie nini, mwisho wa kupokea maoni ni lini, na rufaa inakwenda wapi ndani ya siku ngapi. Jambo la pili ndilo linalosahaulika. Kama sheria inamtaka mjumbe aangalie kelele, trafiki na ulinganifu na majengo jirani, hoja ya bei ya umeme ataitupa kihalali kabisa, hata kama moyoni anakubaliana nawe.

Kagua pia taratibu za matangazo: yalitoka siku ngapi kabla, katika gazeti gani, barua ziliwafikia nani. Usidharau kazi hii ya ukarani. Katika Kaunti ya Prince William, Virginia, mradi mkubwa wa Digital Gateway uliokusudia vituo 37 ulipitishwa Desemba 2023. Agosti 2025 jaji alibatilisha uamuzi huo kwa sababu matangazo ya kikao hayakufuata sheria. Hoja za maji na umeme hazikuhitajika.

Dalili ya mafanikio: karatasi moja yenye milango yote na tarehe zake, na mtu mwenye jina anayewajibika kwa kila tarehe.

Tahadhari: mlango wa kwanza kufunguliwa huwa wa ardhi, na hupita kimyakimya, wakati mwingine mradi ukiitwa "ghala" au "bustani ya teknolojia". Ardhi ikishapitishwa, milango mingine huanza kuhesabu mradi kama jambo lililokwisha kukubaliwa.

## Hatua ya 2: Pata megawati halisi

Namba zote zinazofuata zinategemea hii. Utakuta namba tatu tofauti zikitumika kana kwamba ni moja: umeme wa seva peke yake, umeme wa jengo zima, na uwezo ulioombwa kutoka kwenye gridi. Umeme wa jengo ni wa seva ukijumlisha upozaji, taa na upotevu. Uwiano wa viwili hivyo wahandisi huuandika PUE. Seva za MW 60 kwenye jengo lenye PUE ya 1.3 zinahitaji MW 78.

Kisha kuna ujanja wa awamu. Ripoti ya mazingira inachambua awamu ya kwanza ya MW 30, wakati michoro ya umeme imeandaliwa kwa kitu kikubwa zaidi. Hapa usibishane na maneno, soma chuma:

- Transfoma. Fungua mchoro wa kituo cha kupoza umeme (kinachoshusha msongo wa umeme wa gridi) na uzihesabu. Transfoma 3 za MVA 100 (MVA ni kipimo cha uwezo wa transfoma), moja ikiwa ya akiba, zinabeba MVA 200, yaani takribani MW 190.
- Jenereta. Jenereta 80 za MW 2.5 ni MW 200. Hakuna mfanyabiashara anayenunua jenereta za MW 200 kulinda mzigo wa MW 30.
- Ardhi na paa. Linganisha idadi ya majengo kwenye mchoro wa eneo na idadi inayotajwa kwenye ripoti.

Vyanzo hivi vikitofautiana na ripoti, umepata swali lako la kwanza la kikao: *ni megawati ngapi zilizochambuliwa, na ni ngapi zitakazojengwa?*

Sasa geuza megawati kuwa nishati ya mwaka. Mwaka una saa 8,760. Kituo cha MW 100 kinachotumia asilimia 80 ya uwezo wake:

100 × 8,760 × 0.8 = MWh (megawati-saa) 700,800 kwa mwaka.

Kikitumia asilimia 60, ni MWh 525,600. Toa namba zote mbili. Vituo vingi huomba uwezo kuliko vinavyotumia, na ukidai asilimia 100 mhandisi wa kampuni atasimama, atakusahihisha kwa upole, na kuanzia hapo hakuna atakayekuamini hata kwenye maji.

Kulinganisha na kaya, tumia bili mlizokusanya. Kama kaya ya kawaida hapo inatumia kWh 200 kwa mwezi, ni MWh 2.4 kwa mwaka, na kituo hicho kwa asilimia 80 ni sawa na kaya 292,000. Usichukue wastani wa kaya wa nchi nyingine. Kaya ya Marekani hutumia umeme mara kadhaa zaidi ya kaya za nchi nyingi, na ulinganisho wa kuazima hubomoka kwa swali moja.

Ukitaka kuonyesha kwamba jambo hili si la kubuni, mfano wa Ayalandi unatosha: mwaka 2023 vituo vya data vilikula asilimia 21 ya umeme wote uliopimwa kwa mita nchini humo, kutoka asilimia 5 mwaka 2015, na kuzidi matumizi ya nyumba zote za mijini.

Dalili ya mafanikio: jedwali lenye megawati za kila awamu, kila namba na ukurasa wake.

## Hatua ya 3: Hesabu maji, na usikubali maneno "mzunguko uliofungwa"

Hapa ndipo wakazi wengi hudanganyika, na wakati mwingine bila mtu kusema uongo wowote.

Umeme wote unaoingia kwenye seva unageuka joto, na joto hilo lazima litoke nje ya jengo. Kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni feni kubwa na mitambo ya baridi inayolitupa hewani: maji karibu hakuna, ila umeme unaongezeka na kelele pia. Ya pili ni minara ya kupoza, ambamo maji yanageuka mvuke na kuondoka na joto: umeme unapungua, maji yanapotea.

Mwekezaji anaposema "tunatumia mzunguko uliofungwa, maji yaleyale yanazunguka", anaweza kuwa anazungumzia mabomba ya ndani yanayopita kwenye seva. Hayo kweli yamefungwa. Lakini mabomba hayo yanakabidhi joto kwa mzunguko wa pili wa nje, na kama huo ni mnara wa mvuke, maji yanapotea huko. Swali la kuuliza, kwa maandishi, ni hili: *joto linaondoka kwenye eneo la mradi kwa njia gani, na mitambo ya nje inapoteza lita ngapi kwa mvuke?*

Ukinyimwa jibu, fizikia inakupa makadirio. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kwenye joto la kawaida kunameza takribani megajuli 2.4. kWh moja ni megajuli 3.6. Kwa hiyo kila kWh ya joto inayoondolewa kwa mvuke tupu inakula lita 1.5.

Juu ya hapo kuna maji ya kumwaga. Mvuke unaacha chumvi nyuma, na zikizidi zinaharibu mabomba, hivyo sehemu ya maji humwagwa na kujazwa mapya. Kama chumvi zinaruhusiwa kufika mara 4 ya zilivyoingia, maji ya kumwaga ni theluthi moja ya mvuke: lita 0.5. Jumla lita 2 kwa kWh.

Kwa MW 50 za joto, siku nzima:

50,000 kW × saa 24 × lita 2 = lita milioni 2.4 kwa siku.

Hicho ni kiwango cha juu, pale joto lote linapoondolewa kwa mvuke. Kiandike hivyo. Mitambo mingine hutumia maji siku za joto tu, na hapo panakuja mtego wa wastani. Mradi unaotumia lita milioni 2 kwa siku, lakini siku 60 tu za mwaka, utaandika kwenye ripoti "wastani wa lita 329,000 kwa siku". Hesabu ni sahihi. Shida ni kwamba siku hizo 60 ndizo za jua kali, visima viko chini na kila mtu amefungua bomba. Dai namba mbili: matumizi ya siku ya juu kabisa, na matumizi ya mwezi wa juu kabisa. Kisha ziweke kando ya uwezo wa mamlaka ya maji katika msimu wa kiangazi, si uwezo wa mwaka.

Mambo mengine ya kuuliza, kwa ufupi:

- Maji ya kumwaga yanakwenda wapi, na mtambo wa majitaka unaweza kuyapokea? Yana chumvi nyingi na dawa za kuzuia kutu na vijidudu.
- Kama wanaahidi majitaka yaliyosafishwa, nani anayatumia sasa, nani atalipia bomba, na yakikatika watahamia kwenye maji ya kunywa?
- Visima vya jirani vitashuka mita ngapi? Dai jaribio la kusukuma maji, si makadirio ya kompyuta peke yake.

Maji yanayotumika kwenye mitambo ya kuzalisha umeme yataje kwenye aya ya peke yake. Usiyajumlishe na ya eneo la mradi, kwa kuwa hayatoki kwenye bomba lenu na jumla hiyo itatumika kuonyesha kwamba mmetia chumvi.

Jiandae pia kwa ushindi wa nusu. Huko Cerrillos, Santiago, mahakama ya mazingira ya Chile mwaka 2024 ilirudisha nyuma sehemu ya kibali cha Google kwa ajili ya athari kwa maji ya ardhini, na kampuni ikatangaza kuanza upya kwa upozaji wa hewa. Wakazi wakishinda maji kwa njia hiyo, hesabu za umeme na kelele zinapanda papo hapo. Kwa hiyo ziwe tayari.

Dalili ya mafanikio: unaweza kusema kwa sentensi moja lita za siku ya juu kabisa, ni asilimia ngapi ya uwezo wa kiangazi, na zinatoka chanzo kipi.

## Hatua ya 4: Jenereta na hewa

Chukua orodha ya jenereta. Jenereta ya MW 2.5 ikibeba mzigo kamili huchoma kama lita 650 za dizeli kwa saa. Arobaini zikiwaka pamoja ni lita 26,000 kwa saa, na kukatika umeme kwa siku moja ni lita 624,000. Uliza matangi yako wapi, yana kuta mbili au moja, na yako umbali gani na visima.

Usiishie kwenye dharura. Jenereta hujaribiwa. Saa moja kwa mwezi kwa kila moja kati ya 40 ni saa 480 za injini kwa mwaka kabla umeme haujakatika hata mara moja. Dai ukomo wa saa kwenye kibali, majaribio ya mchana tu, zisiwashwe zote siku moja, na vichujio vya oksidi za nitrojeni kwenye mabomba ya moshi.

Angalia kama mradi una mitambo ya gesi ya "muda". Gridi ikichelewa, baadhi ya wawekezaji huleta mitambo yao. Huko Memphis, Tennessee, picha za angani za mwaka 2025 zilionyesha mitambo zaidi ya 30 kwenye eneo la xAI, kampuni ya akili bandia, wakati maombi ya kibali yalikuwa ya 15, na Julai mwaka huo ofisi ya afya ya kaunti ikatoa kibali cha hiyo 15. Pingamizi lenu lidai sharti kwamba chanzo chochote cha umeme ndani ya eneo, cha muda au cha kudumu, kiwe na kibali kabla hakijaletwa.

## Hatua ya 5: Pima kelele kabla hawajajenga

Hii haisubiri. Bila vipimo vya kabla, hakuna atakayethibitisha baadaye kwamba usiku ulikuwa kimya.

Pima sehemu tatu hadi tano, kwenye mipaka ya nyumba zilizo karibu zaidi, saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri, kwa usiku saba usio na mvua wala upepo mkali. Kalibra kipimo mwanzo na mwisho wa kila usiku na uandike. Rekodi dBA na dBC, vipimo viwili vya ukubwa wa sauti kwa desibeli (dB). dBA inapunguza sauti nzito, na mngurumo wa feni ni sauti nzito, ile inayopenya ukuta na kukaa kifuani. Tofauti kubwa kati ya dBC na dBA ni dalili ya mngurumo. Programu ya simu haitakusaidia kwa sababu maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa sauti ya mtu na kwa kawaida huchuja hizo nzito.

Kisha kadiria. Kanuni mbili zinatosha: idadi ya mashine zinazofanana ikiongezeka maradufu, ongeza dB 3, umbali ukiongezeka maradufu, punguza dB 6. Feni moja yenye dBA 50 kwa mita 50, ukiweka 64, inakuwa 68. Ukisogea hadi mita 400 umezidisha umbali maradufu mara tatu, unapunguza 18, unarudi dBA 50. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa Ulaya, lilipendekeza dB 40 za usiku nje ya nyumba. Makadirio haya hayahesabu kuta, miti wala mwinuko wa ardhi, na mtasema hivyo. Kazi yake ni kuonyesha kwamba ripoti ya kampuni inapaswa kueleza dB 10 hizo zimekwenda wapi.

Kwenye ripoti yao tafuta mambo matatu: je, feni zilihesabiwa kwa mwendo kamili wa siku ya joto, au nusu? Je, jenereta zimejumuishwa? Je, ni awamu ya kwanza tu au zote?

## Hatua ya 6: Onyesha njia ambayo gharama inapita hadi kwenye bili

"Bili zetu zitapanda" si hoja mpaka uonyeshe mlango ambao gharama inaingilia. Ipo minne.

Nyaya na vituo vya kupoza umeme. Kama gharama ya kuimarisha gridi inagawanywa kwa wateja wote, hesabu sehemu yenu. Chukua uwekezaji wa milioni 100 wa fedha yoyote, wateja 500,000, miaka 20: ni 10 kwa mteja kwa mwaka. Weka riba ya asilimia 8, inafika kama 20. Riba husahaulika, na ndiyo nusu ya mzigo.

Bei ya uwezo wa kuzalisha. Mahitaji yakipanda kuliko mitambo, bei hupanda kwa wote. Soko la umeme la PJM, linalohudumia majimbo 13 ya Marekani pamoja na jiji la Washington, D.C., liliona bei ya uwezo ikiruka kutoka dola 28.92 kwa megawati kwa siku katika kipindi cha 2024/25 hadi dola 269.92 kipindi kilichofuata, na ongezeko la vituo vya data likatajwa miongoni mwa sababu kubwa.

Mradi usiokamilika. Kampuni ya umeme inajenga kwa MW 200, mteja anatumia 70 au anaondoka. Deni linabaki kwa waliobaki.

Bei maalumu. Mkataba wa siri unaompa mteja mkubwa bei chini ya gharama. Pengo linazibwa na kaya.

Hoja hizi zinakwenda kwa mdhibiti wa nishati, kwenye shauri la bei au la kuunganishwa, na ziambatane na dawa yake. Dawa ipo na imejaribiwa. Julai 2025 mdhibiti wa Ohio aliidhinisha kwamba vituo vipya vya data vya zaidi ya MW 25 kwenye eneo la kampuni ya umeme ya AEP Ohio vilipie angalau asilimia 85 ya umeme vinavyouomba, hata visipoutumia, kwa hadi miaka 12, pamoja na dhamana ya kifedha na ada ya kujitoa. Maombi yaliyokuwa kwenye foleni yalipungua kwa zaidi ya nusu. Namba hiyo ya mwisho ni silaha: inaonyesha ni maombi mangapi yalikuwa ya kubahatisha.

Dalili ya mafanikio: mdhibiti anamwagiza mwombaji ajibu hoja yenu kwa maandishi.

## Hatua ya 7: Ajira na misamaha ya kodi

Haihitaji muda mwingi. Tenganisha ajira za ujenzi, ambazo ni nyingi na zinaisha, na za kudumu, ambazo ni chache. Gawanya thamani ya msamaha wa kodi kwa ajira za kudumu. Andika jibu. Wajumbe watajaza wenyewe kilichobaki.

Msiseme mradi hauna faida yoyote kama kodi ya majengo itaingia kwenye mfuko wa eneo. Dai tu kuona hesabu ikiwa na misamaha ndani yake na ikiwa haina.

## Hatua ya 8: Andika pingamizi

Kurasa 8 hadi 12 pamoja na viambatisho. Kila hoja ifuate mfumo huu:

1. Waraka wa mwombaji unasema nini, na ukurasa.
2. Hesabu yetu inaonyesha nini, na jinsi tulivyofika.
3. Kifungu gani cha sheria au mpango wa ardhi kinaguswa.
4. Tunaomba nini: kukataliwa, kuahirishwa mpaka taarifa ipatikane, au sharti mahususi.

Hoja nne zenye uzito zinatosha. Ukiweka ishirini, kampuni itajibu zile kumi dhaifu na kusema imejibu zote. Acha nje tetesi za mionzi, mashambulizi kwa watu binafsi, na picha za kutengenezwa na kompyuta. Barua mia zenye maneno yaleyale huhesabiwa kuwa moja, kwa hiyo kila mkazi aandike yake kwa maneno yake, ataje umbali wa nyumba yake na jambo moja tu linalomgusa.

Wasilisha kwa njia rasmi na upate muhuri au namba ya kupokelewa. Mahakama nyingi za rufaa hukataa hoja ambayo haikuwahi kuwekwa kwenye kumbukumbu za awali. Kisichokuwa kwenye jalada hakipo.

## Hatua ya 9: Siku ya kikao

Dakika tatu kila mtu. Gawaneni: mmoja megawati, mmoja maji, mmoja kelele, mmoja taratibu. Kila msemaji amalize kwa swali lililoandikwa, na aombe liingizwe kwenye muhtasari. Swali lisilojibiwa kwenye muhtasari lina nguvu kuliko hotuba iliyopigiwa makofi.

Wapeni wajumbe ukurasa mmoja wenye namba tano na kurasa zake. Na waonane nanyi kabla ya siku hiyo. Mjumbe aliyekwisha kuahidi kura mbele ya kamera harudi nyuma kirahisi.

Mwombaji akitoa ahadi mpya ukumbini, mtu mmoja asimame aombe iandikwe kuwa sharti la kibali. Ahadi nyingi hupungua uzito hapo hapo.

## Hatua ya 10: Baada ya uamuzi

Mradi ukikataliwa, msivunje kamati. Agosti 2025 baraza la jiji la Tucson, Arizona, lilikataa kwa kauli moja mradi ulioitwa Project Blue. Mwekezaji alirudi kupitia kaunti, akiwa na mpango ambao, tofauti na ule wa kwanza, hautegemei maji ya kupoza. Endeleeni kufuatilia milango yote sita kwa angalau mwaka mmoja.

Mradi ukipitishwa, hesabuni siku za rufaa kuanzia tarehe inayotajwa na sheria, ambayo inaweza kuwa ya kura au ya kuchapishwa. Wakati huohuo hakikisheni masharti yana vipimo, maana sharti la "kupunguza kelele inavyowezekana" halina jinsi ya kuvunjwa. Yanayofaa ni kama haya:

- Mita ya maji ya mradi isomwe kila siku, takwimu zitangazwe kila mwezi, na kuwe na ukomo wa lita kwa siku.
- Kelele isizidi kiwango kilichotajwa, kwa dBA na dBC, kwenye mpaka wa nyumba ya karibu zaidi, ikipimwa na mtu asiyelipwa moja kwa moja na kampuni.
- Majaribio ya jenereta saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri siku za kazi tu, na daftari la saa liwe wazi kwa umma.
- Megawati zisizidi zilizochambuliwa. Kuongeza hata moja kuhitaji tathmini mpya.
- Dhamana ya benki ya kubomoa majengo na kuondoa matangi.
- Faini ya kila siku ya ukiukaji, na jina la ofisi inayoitoza.

Rudieni vipimo vya kelele sehemu zilezile, saa zilezile, mwezi wa kwanza mitambo ikiwaka, na tena katika wiki ya joto kali zaidi ya mwaka. Malalamiko ya kwanza yapelekwe na jedwali la kabla na baada, si na barua peke yake.